Sandarusi haiyeyuki majini

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumamosi iliyopita kuhusu kutengeneza "wino wa mababu" iliwatajia wasomaji vitu vinne: mkaa wa vifuu vya nazi, sandarusi, siki na mrututu. Ni jambo jema gazeti kuwakumbusha watu kwamba misahafu ya Siyu, iliyoandikwa na kupambwa kisiwani Pate katika karne ya 18 na 19, haikuandikwa kwa wino wa duka la vitabu. Ila kwa mapishi yale mtu hapati wino. Vitu viwili kati ya vinne havifai, cha tatu hakina kazi, na cha nne ni sumu. Kwa kuwa makala ilisema walimu wanaweza kuyajaribu na watoto, naomba nafasi niyasahihishe kwa urefu kidogo.

Nianze na sandarusi, maana kosa hili limeenea hata kwa mafundi. Wino mweusi wa kale, ule wa masizi, una vitu vitatu tu: masizi, gundi na maji. Gundi ina kazi mbili. Wino ukiwa ndani ya kidau, gundi huzuia chembe za masizi zisigandane na kuzama. Wino ukishakauka, huzishika chembe hizo kwenye karatasi. Kazi zote mbili zinataka gundi inayoyeyuka majini. Sandarusi haiyeyuki majini hata ukiichemsha kutwa. Ni utomvu wa msandarusi uliokaa ardhini miaka na miaka mpaka ukawa kama jiwe, na kinachoulainisha ni moto na mafuta. Wafanyabiashara wa Salem, Marekani, waliokuja Unguja karne ya 19 na vitambaa vya merikani, waliondoka na sandarusi pamoja na pembe za ndovu kwa sababu kwao kulikuwa na viwanda vya vanishi. Hakuna aliyeinunua kwa kuandikia.

Gundi ya wino ni ya mgunga, ile inayouzwa duniani kwa jina la gamu arabiki. Sudan ndiyo inayoongoza kwa kuiuza, na hapa Kenya hukusanywa Isiolo, Samburu, Turkana na Wajir. Tatizo ni kwamba sokoni kila kinachotoka kwenye gome huitwa "gundi ya mti". Kuipima ni rahisi. Chukua punje yenye ukubwa wa harage, itie kwenye glasi ya maji baridi, iache mpaka asubuhi. Gundi ya kweli utaikuta imeyeyuka yote, maji yanateleza kama asali nyepesi, na chini zimebaki takataka za gome tu. Sandarusi utaikuta vilevile ulivyoiacha. Ubani utageuza maji yawe meupe kama tui na kubakiza donge linalonata, kwa kuwa gundi iliyomo ndani yake ni kidogo na sehemu kubwa ni utomvu. Ikivimba kama jeli bila kuyeyuka, hiyo ni gundi ya mti mwingine, iwekee viatu.

Tuje kwenye mkaa. Mkaa wa vifuu ni mzuri kwa jiko na kwa kuchuja maji, lakini hata ukiutwanga na kuupepeta kwa kitambaa cha kanga, chembe zake hubaki kubwa na zenye ncha. Utie kwenye maji ya gundi, ukoroge, uweke chini: baada ya dakika chache juu pana maji ya kijivu na chini pana mchanga mweusi. Mstari utakaoandika utakuwa na vitone vitone, na kalamu itaziba kila neno la tatu. Masizi hayakusagwa na mtu. Ni moshi ulionaswa, na chembe zake ni ndogo kiasi kwamba mchi hauwezi kuzifikia.

Kila aliyekulia kwenye mwanga wa kibatari anajua masizi yalivyo, na kibatari cha mafuta ya taa kinayatoa kwa wingi. Lakini yana harufu na mafuta mengi ndani yake. Yaliyo bora hupatikana kwa mafuta ya ufuta. Mafuta ya nazi huwaka safi mno, utangoja usiku kucha upate kiganja. Kwa kuwa mafuta ya ufuta ni mazito na hayapandi vizuri kwenye utambi mrefu, acha kibatari. Tumia kibakuli kipana cha udongo, utambi wa pamba mnene kama kidole kidogo, nao utokeze juu ya mafuta kama sentimita moja tu. Juu yake weka bakuli la kauri lililofunikwa ndani rangi ya kung'aa, ulifudikize juu ya mawe matatu, kiasi kwamba ncha ya mwali inagonga tumbo la bakuli. Hapo ndipo penye siri. Bakuli likikaa juu sana, mwali unapata hewa yote, mafuta yanaungua yakaisha, na bakuli linabaki jeupe. Likikaa chini sana, mwali unasongwa, mafuta yanapanda bila kuungua, na kinachoshika ni utando wa kahawia unaonata. Masafa ya sentimita 3 kutoka utambi hadi bakuli ni pa kuanzia. Kisha pandisha au shusha kwa kuangalia. Masizi mazuri ni meusi yasiyong'aa, yananing'inia kama manyoya, na ukiyapuliza kidogo yanatikisika.

Funga madirisha, maana upepo wa kusi ukiingia unayapeleka yote kwenye mapazia. Yakusanye kwa unyoya wa kuku kila baada ya nusu saa, bakuli likiwa limepoa. Gramu 10 za masizi hujaza karibu kikombe cha chai, na zitakuchukua jioni kadhaa. Kama mtu hana subira hiyo, utomvu wowote ukichomwa hutoa masizi mengi kwa muda mfupi, na sandarusi yenyewe ni mmoja wao. Kwa hiyo kama mwandishi wenu anataka lazima sandarusi iwemo kwenye wino, basi mahali pake ni motoni, chini ya bakuli.

Masizi yote, hata ya ufuta, yana mafuta kidogo. Weka kiasi kidogo kwenye karatasi nyeupe usiku mmoja. Ukikuta duara la njano asubuhi, yanahitaji kukaushwa. Waandika khati wa Uajemi walikuwa wakiyafunga kwenye karatasi, wakaifunika karatasi kwa unga uliokandwa, kisha wakaoka tanuri mpaka unga uive. Kwa jiko la makaa la nyumbani, mkebe wenye mfuniko unaobana na tundu moja dogo la msumari unatosha. Uweke juu ya makaa ya wastani. Tunduni utatoka moshi mweupe. Ukikoma, kama nusu saa hivi, epua. Usiufunue mkebe mpaka uwe baridi kabisa. Masizi ya moto yakikutana na hewa huanza kufuka bila mwali, na kazi ya wiki nzima hugeuka majivu machoni pako.

Sasa vipimo. Kwa gramu 10 za masizi, chukua gramu 20 za gundi kavu. Iponde gundi, ifunge kwenye kitambaa chepesi, itundike ndani ya mililita 40 za maji ya uvuguvugu usiku kucha, kisha ikamue. Usiichemshe, gundi iliyochemka huwa nyeusi na nguvu yake hupungua. Mimina masizi kwenye kipande cha kioo kinene au jiwe gumu lililosuguliwa. Jiwe la kusagia liwa halifai hapa, kwa kuwa lina vitundu vinavyonywa wino, na liwa yako haitakuwa nyeupe tena. Fanya kishimo katikati ya masizi, tia gundi tone kwa tone, ukande kwa kisu butu mpaka upate kitu kama ugali mgumu. Maji matupu yasiingie bado. Masizi hayapendi maji. Ukianza na maji yataelea juu, yatapaa, yatakaa kwenye dari na puani, na hutayarudisha tena. Yakishafunikwa na gundi ndipo yanakubali.

Halafu saga. Kokoto la mtoni lenye tumbo bapa linatosha kama huna kisagio cha kioo. Saa mbili ni chache, saa nne ni afadhali, na hakuna haja ya kuzimaliza siku moja: funika kwa kitambaa kibichi, endelea kesho. Wengi hushindwa hapa. Wanaona tope limekuwa jeusi na laini baada ya dakika 20 wakadhani limekwisha. Jeusi limekwisha, ndiyo, lakini chembe bado zimeshikana makundi makundi, na makundi hayo ndiyo yatakayozama chini ya kidau baada ya siku mbili. Kupima, tia tone moja kwenye glasi ya maji yaliyotulia. Wino uliosagika hushuka kama moshi unaojikunja, bila punje hata moja. Ukiona vijidoa vyeusi vinatangulia kushuka, rudi kwenye jiwe.

Ukiridhika, ongeza maji kidogo kidogo, kama mililita 20 hadi 30, mpaka wino uteleze kwenye kalamu bila kudondoka wenyewe. Andika mstari, ngoja saa moja, usugue kwa kidole kikavu. Kidole kikitoka cheusi, gundi imepungua. Ikunje karatasi; mstari ukipasuka au kung'aa kama plastiki, gundi imezidi, ongeza tope la masizi. Mapishi ya nchi zenye hewa kavu huweka asali kidogo ili wino usipasuke. Kwetu Pwani usiweke. Asali huvuta unyevu, na kitabu kilichoandikwa kwa wino wa asali kikifungwa miezi ya masika, kurasa hushikana. Adui wa pili wa hali yetu ya hewa ni ukungu, unaoota juu ya gundi ndani ya siku chache. Matone mawili ya mafuta ya karafuu kwa mililita 50 yanauzuia. Ama mimina wino kwenye kioo upate kukauka, uukwangue, uweke vipande kwenye chupa. Vitakaa miaka, na ukivihitaji unavilowesha kwa maji.

Siki ndiyo niliyosema haina kazi. Haiongezi weusi, na asidi yake haina faida kwa karatasi. Iacheni kwenye achari.

Mrututu ni jambo jingine, na naomba mlichukulie kwa uzito. Nadhani najua lilikotoka. Upo wino wa pili wa kale, wa tanini na chuma: unachemsha kitu chenye tanini (ule ukali wa magome na maganda unaokausha ulimi), kwa mfano mafundo, yaani vivimbe vinavyoota kwenye matawi ya mwaloni wa Shamu, unatia zaji ya kijani, yaani salfeti ya chuma, na maji yanageuka meusi. Tena waandishi wa Uajemi walikuwa na wino uliochanganya aina zote mbili, na vipimo vyake vilihifadhiwa kwa shairi fupi ambalo wanafunzi walilikariri: uzito wa masizi ndio uzito wa zaji, wa hivyo viwili pamoja ndio wa mafundo, wa vyote vitatu ndio wa gundi, kisha ni nguvu ya mkono. Kwa hesabu, masizi gramu 10, zaji 10, mafundo 20, gundi 40. Mtu akisoma "zaji" na kuuliza dukani, anapewa mrututu, kwa sababu vyote viwili ni fuwele na zamani viliwekwa chini ya jina moja. Lakini mrututu ni salfeti ya shaba. Ni wa buluu, ilhali zaji ya chuma ni ya kijani kibichi hafifu na ikikaa wazi hushika kutu ya njano. Shabu, ambayo nayo huchanganywa humo, ni nyeupe na haitoi weusi wowote. Anayetaka uhakika achemshe ganda la komamanga, lina tanini nyingi, amimine vijiko viwili vya maji yake kwenye kikombe na kutia punje ya hiyo fuwele. Chuma hugeuza maji meusi papo hapo. Mrututu hutoa machicha ya kahawia tu. Magome ya mkoko na mkandaa nayo yana tanini tele, ndiyo maana yaliuzwa kwa watengeneza ngozi, ila tanini yake ni ya aina nyingine na wino wake huelekea kijani na kahawia.

Hata kwa zaji sahihi, wino huu una kasoro yake. Unapoandika ni hafifu, unakolea saa kadhaa baadaye unapokutana na hewa, na wakati huohuo unazaa asidi inayokula karatasi. Chuma kikizidi tanini ndiyo balaa zaidi: herufi hugeuka kahawia, na baada ya miaka mingi hudondoka zenyewe zikaacha matundu yenye umbo la maneno. Tanini mara tatu ya zaji kwa uzito ni kipimo cha usalama kuliko kile cha shairi. Ukifunua hati ya zamani ukaona kivuli cha kahawia kinatokeza upande wa pili wa ukurasa, kuna chuma humo. Masizi hukaa juu ya karatasi, hayapenyi, na chini ya kamera ya infraredi hubaki meusi pale ambapo wino wa chuma hupotea.

Hii ndiyo sababu hasa ya barua hii. Kuna wasomaji wenu wanaoandika kombe. Wino wa kombe ni zafarani na marashi ya mawaridi, huandikwa kwenye sahani nyeupe, huoshwa na kunywewa. Msomaji akiona gazetini "wino wa mababu" wenye mrututu, hakuna kinachomzuia kuutia kwenye sahani. Mrututu ukinywewa unaleta kutapika na kuharisha, na kwa kiasi kikubwa unaharibu ini na figo. Zaji ya chuma nayo si ya kunywa.

Mtego wa namna hiyohiyo uko kwenye rangi nyekundu, ambayo makala iligusia kwa sentensi moja. Mapambo ya Siyu yana nyeusi, nyekundu na njano. Mtu anayesoma mapishi ya Kiarabu atakutana na zinjifuri, na Mswahili atafikiri mzingefuri, mti wa mbegu nyekundu ambao wakulima wa Kwale wanauita biksa. Jina ni lilelile limehama. Zinjifuri ya Waarabu ni madini ya zebaki, yenye sumu, isiyofaa kusagwa nyumbani. Mzingefuri ulitoka Amerika, haukuwemo kwenye kitabu chochote cha Kiarabu cha karne ya 11, na rangi yake hupauka upesi ikipigwa na jua. Isitoshe haiyeyuki vizuri majini mpaka utie magadi. Anayetaka nyekundu salama atumie ngeu, ileile ya maseremala wa kale, au udongo mwekundu wowote usio na mchanga. Koroga gramu 100 kwenye lita moja ya maji, hesabu hadi 30, mimina maji mekundu kwenye chombo kingine na kutupa kilichozama. Rudia mara tatu, kisha acha yatulie usiku, umwage maji ya juu. Tope linalobaki, lisage na gundi kama ulivyofanya masizi.

Njano ya manjano ya jikoni haidumu. Iweke dirishani wiki chache uone, na ikiguswa na chokaa au magadi huwa nyekundu. Zarnikhi, madini ya njano ya kale, ilikuwa na aseniki, ambayo ni sumu; tusiitafute. Udongo wa njano upo, na una faida ya ziada: ukiukaanga kwenye sufuria ya chuma juu ya makaa makali hugeuka mwekundu, kwa hiyo kwa mfuko mmoja wa udongo una rangi mbili.

Kuhusu kalamu na karatasi nitasema machache. Tete la kalamu likatwe likiwa limekauka likiwa bado limesimama, la kahawia na gumu. Bichi hulainika kwenye wino na ufa hukimbilia juu. Ufa wa ulimi usizidi sentimita moja na nusu, na ncha ikatwe kwa pigo moja juu ya mfupa au kipande cha pembe, kwa sababu ukiikata mara mbili itakuwa na ngazi na kila mstari utakuwa na kivuli. Hati nyingi za pwani ziko kwenye karatasi za Italia zenye alama ya hilali tatu ukiziinua kwenye mwanga. Karatasi ya fotokopi haifanani nayo na ncha ya tete huikwaruza. Afadhali karatasi ya pamba. Ipake uji mwepesi wa wanga, gramu 10 kwa mililita 200 za maji, ikauke. Kisha ute wa yai moja uliopigwa na robo kijiko cha shabu, ukalala usiku na kuchujwa. Isugue kwa ganda laini la kauri ndani ya wiki moja kabla ute haujawa mgumu. Juu ya karatasi hiyo kosa hufutika kwa kitambaa chenye unyevu, kama ubao wa chuoni unavyooshwa.

Lile pendekezo la kuzamisha karatasi kwenye chai ya rangi ili "ionekane ya kale" sitalijadili, ila kwamba chai ina tanini, na wino wenye zaji juu yake unaweza kuacha madoa meusi.

Naomba mchapishe marekebisho mawili mahali panapoonekana, kwa herufi kubwa kama zile za makala yenyewe: mrututu utolewe, na isemwe wazi kwamba wino wowote mweusi au mwekundu wa kuandikia hauandikiwi kombe. Shule zinafunga wiki ijayo, na mrututu unauzwa kwa kila anayeuomba.

Wenu,
Mwandika khati,
Mombasa